Seva ya kuvuta barua pepe katika duka la pampu, Kisumu

Duka ninalolizungumzia lipo upande wa Obote Road hapa Kisumu, na huuza pampu za maji, mabomba, matangi na vipuri kwa wakulima wa Ahero, kwa shule, na kwa wanakandarasi wanaotoka hadi Kakamega na Busia. Lina kompyuta tano, printa moja inayogombaniwa na kila mtu, na sasa lina seva, ambayo kwa kweli ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika kwingine, yenye diski mbili za TB 1 zinazoakisiana, inayoendesha Debian, mfumo endeshi wa Linux. Kazi niliyopewa ilielezwa kwa sentensi moja: barua zote zinazokuja kwenye anwani za duka zifike kwenye seva hiyo, wafanyakazi wazisome kutoka hapo, na intaneti ikikatika waendelee kuziona barua za zamani.

Kwanza nieleze hali niliyoikuta. Kikoa cha duka kimehifadhiwa kwa mtoa huduma mmoja pamoja na tovuti, na humo mna masanduku matano ya barua: la mauzo, la ankara, la ghala, la mwenye duka na la maulizo ya jumla. Kila kompyuta ilikuwa na Thunderbird, programu ya kusomea barua, iliyochukua barua kwa mtindo wake. Mbili zilipakua na kufuta, tatu zilipakua bila kufuta, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyezipanga hivyo. LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza bidhaa, iliyotumwa kwa anwani ya mauzo iliweza kuonekana kwenye kompyuta ya kaunta pekee, na kijana wa kaunta alipokwenda likizo, LPO zilikwenda likizo pamoja naye. Wakati huohuo michoro na picha za pampu zilizoharibika zilipakuliwa mara tatu kupitia laini ileile moja, na sanduku la mauzo lilijaa kila baada ya wiki kadhaa, wateja wakarudishiwa barua zao.

Fundi mwenzangu aliniuliza kwa nini sikuielekeza rekodi ya MX ya kikoa, ile inayotaja seva ya kupokea barua zake, moja kwa moja hadi dukani, ili barua zije zenyewe. Swali ni la haki, lakini jibu langu ni hapana, na nitalirudia kwa duka lolote la ukubwa huu. Anwani ya IP ya laini ya duka hubadilika, na laini nyingi za bei nafuu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani, kiasi kwamba seva ya nje haina njia ya kuufikia mlango wa kupokelea barua, nambari 25, wa mashine yako. Tena stima hupotea. Wakazi wa Kisumu wanazijua mvua za alasiri zinazopanda kutoka ziwani na radi zake, na UPS niliyoiweka hapo hushikilia seva na ruta kwa muda wa kuzima vizuri tu. Ni kweli kwamba barua iliyokosa mpokeaji haipotei papo hapo, kwa sababu kanuni za SMTP, lugha ambayo seva hupelekeana barua, katika RFC 5321 (hati ya viwango vya intaneti) zinaitaka seva inayotuma iendelee kujaribu kwa siku 4 au 5 hivi kabla ya kukata tamaa. Ila mteja anayetaka bei ya pampu leo hatangoja siku hizo. Ni afadhali mtoa huduma abaki mlangoni akipokea, nasi tuende kuchukua.

Njia ya kuchukua barua inaitwa POP, na jina lenyewe lina maana ya utaratibu wa ofisi ya posta, na yeyote aliyewahi kutumwa na mzazi kwenda kufungua S.L.P. ya familia anauelewa bila kufundishwa. Toleo linalotumika, POP3, limeelezwa katika RFC 1939 ya Mei 1996, na mazungumzo yake ni mafupi: mashine inajitambulisha, inauliza zipo barua ngapi, inachukua moja baada ya nyingine, inaweka alama kwenye zile zinazopaswa kufutwa, kisha inaaga. Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo ndilo lililonifanya nilale usingizi, ni kwamba alama ile ya kufuta haifanyi kitu mpaka amri ya kuaga, yaani QUIT, ipokelewe. Stima ikipotea katikati ya barua ya kumi na mbili, seva ya mtoa huduma inatakiwa isifute hata moja. Utakachopata asubuhi ni barua zilizojirudia, na barua iliyokuja mara mbili haijamuumiza mtu.

Kabla ya kuweka programu yoyote nilizungumza na seva ya nje kwa mkono, na ningemshauri kila fundi afanye hivyo, maana ndipo utakapojua kama tatizo ni nywila, ni mtandao au ni programu. Amri ni openssl s_client -connect ikifuatwa na jina la seva na mlango nambari 995, ambao ndio mlango wa POP3 yenye usimbaji, yaani mazungumzo yaliyofichwa yasisomwe njiani. Niliandika USER, kisha PASS, kisha STAT, nikajibiwa +OK 37 pamoja na idadi ya baiti: barua thelathini na saba zilikuwa zikingoja katika sanduku la ghala ambalo kila mtu aliniapia kuwa halina kitu. Nilipoandika RETR 1 ili nione barua ya kwanza, skrini ikaniambia kwamba inaanza upya makubaliano ya usalama, na barua haikuja. Nilipoteza karibu saa nzima nikiilaumu seva ya mtoa huduma. Kosa lilikuwa langu: openssl huichukulia herufi kubwa R iliyo mwanzoni mwa mstari kuwa amri yake yenyewe, na Q vilevile kuwa amri ya kukata mawasiliano, kwa hiyo RETR yangu haikuwahi kutoka Obote Road. Dawa ni kuongeza -quiet kwenye amri ya kwanza, au kuandika retr kwa herufi ndogo, kwa kuwa POP3 haijali ukubwa wa herufi.

Programu niliyoichagua ni Fetchmail, ambayo Eric S. Raymond aliiendeleza mwaka 1996 kutoka programu ya awali iitwayo popclient. Niliichagua kwa sababu ndiyo niliyoizoea, na sababu hiyo, kama itakavyoonekana mbele, haikutosha. Inavuta barua na kuikabidhi Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua iliyo kwenye mashine hiyohiyo, kupitia SMTP kana kwamba imetoka nje. Postfix huiweka katika saraka ya Maildir ya mwenye barua, na Dovecot huwapa wafanyakazi barua hizo kwa IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva, ili kompyuta zote tano zione sanduku moja lilelile na alama zilezile za barua iliyosomwa. Faili ya /etc/fetchmailrc ilikuwa hivi, majina nikiwa nimeyabadilisha:

set daemon 300
set postmaster "msimamizi"
set no bouncemail
poll posta.mtoahuduma.example proto pop3 uidl
  user "mauzo@duka.example" pass "nywila" is "mauzo" here ssl sslcertck keep

Faili hii ina nywila zilizo wazi, na Fetchmail hukataa kuanza ikiona watumiaji wengine wa mashine wanaweza kuifungua. Iweke ruhusa 0600 na iwe mali ya mtumiaji anayeiendesha. Nambari 300 ni sekunde, yaani ziara moja kila dakika tano. Mwenye duka alitaka kila dakika moja, nikamweleza kwamba watoa huduma wengine hukasirishwa na ubishaji hodi wa namna hiyo na hukufungia mlango kwa muda.

Neno sslcertck, linaloagiza cheti cha utambulisho cha seva kikaguliwe, ndilo lililoleta ubishi siku ya kwanza. Nilikuwa nimeandika jina la seva kama mail. ikifuatwa na kikoa cha duka, jina ambalo mtoa huduma mwenyewe alikuwa ameliandika katika barua yake ya maelekezo, na Fetchmail ikakataa kuendelea kwa kuwa cheti kilichotolewa kilikuwa cha jina jingine, lile la mashine kubwa inayohifadhi vikoa vingi pamoja. Mhudumu niliyempigia simu alinishauri nizime ukaguzi wa cheti. Sikukubali. Ukizima ukaguzi huo, usimbaji unabaki lakini hujui tena unampa nani nywila yako, na hiyo ndiyo hatari ambayo cheti kiliwekwa kuizuia. Nililisoma jina lililoandikwa ndani ya cheti, nikaliandika hilo katika faili badala ya jina la kikoa chetu, na neno likaisha.

Kuhusu masanduku, mtoa huduma alinipendekezea njia iliyoonekana rahisi: sanduku moja linalomeza kila kitu kinachotumwa kwenye kikoa, kisha seva ya dukani igawanye kwa kuangalia jina lililo kwenye barua. Fetchmail inaweza kufanya hivyo, na maelezo yake yenyewe yanaonya juu ya njia hiyo. Anwani iliyoandikwa juu ya barua, kwenye mstari wa To, si lazima iwe anwani iliyotumika kuifikisha. Mtu akikuweka kwenye nakala iliyofichwa, jina lako halimo popote ndani ya vichwa vya barua. Na barua iliyotumwa kwa kundi huonyesha anwani ya kundi tu. Mashine ikikosa jina inalolijua, itampa msimamizi, au mbaya zaidi itaituma tena nje kwa watu ambao tayari wameipata. Kama mtoa huduma anaandika mpokeaji halisi katika kichwa kama Delivered-To au X-Envelope-To, kazi inawezekana. Wa kwetu hakuandika. Nikabaki na masanduku matano, mistari mitano ya user, na sijajuta.

Sasa nifike kwenye Alhamisi ambayo karibu initoe kazini. Mwenye duka, ambaye sote humwita Mama, alinipigia saa nane mchana. "Fundi, mwanakandarasi wa Kakamega anasema alituma michoro tangu asubuhi, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kumpa bei. Mbona sisi hatuioni?"

"Mama, nipe dakika kumi niangalie."

"Nakupa tano."

Katika daftari la matukio la Postfix nilikuta jibu lenye nambari 552: barua ni kubwa kuliko kiwango. Kiwango cha kawaida cha message_size_limit katika Postfix ni baiti 10,240,000, na mwanakandarasi aliapa kwamba faili yake ilikuwa MB 8 tu. Alisema kweli. Kiambatisho cha barua pepe huandikwa kwa base64, ambapo kila baiti tatu huwa herufi nne, na juu yake kuna alama za mwisho wa kila mstari; kwa hiyo MB 8 zilipanda gari zikateremka zikiwa karibu 11. Nilikuwa nimehesabu ukubwa wa faili badala ya ukubwa wa barua.

Kilichonitoa jasho kilikuwa kile ambacho mwongozo wa Fetchmail unasema juu ya jibu la 552: barua hufutwa kwa mtoa huduma, na taarifa ya kurudishwa hutumwa kwa aliyeiandika. Mstari wangu wa set no bouncemail ulikuwa umeielekeza taarifa hiyo kwa msimamizi badala ya mwandishi, na msimamizi ni mimi, na sikuwa nimelifungua sanduku hilo kwa siku tatu. Kama si neno keep mwishoni mwa mstari wa mauzo, neno ambalo huiagiza programu iache nakala kule nje, michoro ile ingekuwa imekwenda. Niliingia kwa mkono kama siku ya kwanza, LIST ikanionyesha barua moja nzito kuliko nyingine zote, UIDL ikanipa kitambulisho chake. Niliizima Fetchmail, nikapandisha kiwango cha Postfix hadi 40,960,000, nikahakikisha kitambulisho kile hakimo katika faili ya barua zilizokwisha kuchukuliwa, nikaiwasha tena. Michoro iliingia saa nane na nusu. Mama hakusema kitu juu ya dakika zilizozidi. Alituma bei, na mimi nikaweka kanuni ya kupeleka barua za msimamizi kwenye simu yangu.

Faili hiyo ya vitambulisho inastahili heshima kuliko inayopewa. POP3 haina kumbukumbu ya nani amesoma nini; ukitumia keep, kumbukumbu yote iko katika faili ndogo upande wako, ambayo kwenye Debian hukaa chini ya /var/lib/fetchmail. Nilipoisakinisha seva upya baada ya diski kuanza kutoa makosa, nilinakili barua, nywila na mipangilio, nikaisahau faili hiyo, na seva ikavuta upya kila kitu kilichobaki kwa mtoa huduma. Wafanyakazi walifika asubuhi wakakuta barua za miezi miwili zimerudi zikiwa mpya, na mzee wa ghala akaanza kuandaa oda ya mabomba ambayo yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na kulipiwa. Sasa faili hiyo imo katika nakala rudufu ya kila usiku, pamoja na Maildir, inayopelekwa kwa programu ya rsync kwenye diski ya nje ambayo Mama huenda nayo nyumbani. Diski mbili zinazoakisiana hazihesabiki kuwa nakala rudufu, kwa kuwa ukifuta barua kwenye moja, na ya pili inaifuta.

Kulikuwa pia na kero ya simu. Mama aliendelea kuchukua barua za sanduku lake moja kwa moja kwa mtoa huduma kwa POP3, na POP3 hufunga sanduku kwa mgeni mmoja wakati mmoja, kwa hiyo simu yake na seva yetu zilifukuzana; mara nyingine Fetchmail iliambiwa sanduku linatumika, mara nyingine yeye ndiye aliyeambiwa. Nikaibadilisha simu itumie IMAP, nayo huonyesha barua zilizobaki kule nje bila kuziondoa. Kwa barua za zamani akiwa safarini hana budi kungoja mpaka nimalize kuweka WireGuard, njia salama ya kuifikia seva ya duka kutoka nje.

Barua zinazotoka hazikunisumbua. Postfix huzipeleka zote kwa mtoa huduma kupitia mlango nambari 587 kwa jina na nywila, hivyo zinaondoka kupitia anwani inayotambuliwa na rekodi ya SPF ya kikoa, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina lake, wala hazionekani zimetoka kwenye laini ya duka. Angalizo ni moja: ukiiambia Postfix kwamba kikoa cha kampuni ni chake, itakataa barua ya ndani inayokwenda kwa anwani iliyoko kwa mtoa huduma tu. Kwetu anwani zote tano zipo dukani, kwa hiyo halikutokea.

Linalobaki ni lile ambalo naona ndilo uamuzi wenyewe wa kazi hii, yaani lini nakala iliyoko nje ifutwe. Keep iliokoa michoro ya Kakamega, lakini keep hiyohiyo inalijaza sanduku la mtoa huduma, na likijaa tunarudi kwenye wateja wanaorudishiwa barua. Fetchmail yenyewe inajua kuacha au kufuta, haijui kungoja. Programu ya getmail inajua: ukiandika delete_after = 30, huifuta barua siku 30 baada ya kuiona mara ya kwanza, mradi ilikwisha kuifikisha. Kama ningeanza leo ningeanza na hiyo. Wiki iliyopita nililitoa sanduku la mauzo kwenye Fetchmail na kulihamishia huko, likiwashwa na cron, ratiba ya kazi ya mashine, kila dakika tano, na kesho nitahamisha la ghala na la maulizo. Sanduku la ankara limebaki chini ya keep, kwa sababu mhasibu ameniomba nisiliguse hadi mahesabu ya mwaka yafungwe.